Winchester ya kale iliyobadilishwa: tazama haya kabla hujatoa pesa

Muuzaji wa bunduki ya leva, ile inayokokiwa kwa mpini wa chuma ulio chini ya kifyatulio, akikuambia "hii ni ya kipekee", mwombe barua. Winchester, kiwanda cha bunduki cha Marekani, walipokea oda za kila namna: mtutu mrefu au mfupi, wa mviringo, wa pande nane au mchanganyiko wa yote mawili, magazini (bomba la risasi chini ya mtutu) ya nusu, mbao za kifahari. Mteja alilipa nyongeza, na karani akaandika daftarini. Mengi ya madaftari hayo yapo Cody Firearms Museum huko Wyoming, Marekani, na makumbusho hutoa barua kwa ada ukiwapa namba ya bunduki. Badiliko lililomo kwenye barua hupandisha bei. Badiliko hilohilo likifanywa na fundi wa mtaani miaka thelathini baadaye huishusha, hata kazi iwe safi namna gani.

Barua hutaja kaliba (ukubwa wa risasi), umbo la mtutu, aina ya kifyatulio, nyongeza, na siku bunduki ilipoingia ghalani na ilipotoka. Pengine huonyesha kuwa ilirudishwa kiwandani kutengenezwa. Isome na kwa yale isiyoyataja: kama haisemi lolote kuhusu urefu wa mtutu, chukulia ulikuwa wa kawaida. Ila si kila namba ina rekodi. Modeli ya 1886 huishia 156599, ya 1892 kwenye 379999, ya 1894 kwenye 353999, na ya 1895 kwenye 59999. Namba ikizidi hapo umebaki na macho yako, na bei ishuke kulingana na hilo.

Mtutu ndipo udanganyifu mwingi ulipo. Hakikisha kwanza chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, na magazini hazina risasi. Funga leva, teremsha kijiti cha mbao toka mdomoni mpaka kiguse uso wa bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, tia alama, pima. Raifo ya kawaida ya 1873 au 1892 ina inchi 24; ya 1886 au 1894 ina 26. Kabini, yaani bunduki za toleo fupi, nyingi zina 20, ila ya 1886 ina 22. Ukipata 23 na robo, kuna msumeno umepita. Kisha weka bunduki nzima ya modeli ileile ubavuni. Mtutu wa pande nane hupungua unene kuelekea mdomoni, kwa hiyo uliokatwa utakuwa mnene kuliko mwenzake hapo mwishoni, na mkato wa kilengeo cha mbele hautakuwa mahali pake. Kwenye bunduki yenye magazini nzima, kata mtutu, lazima ukate na magazini, kisha utoboe upya tundu la skrubu ya kizibo. Tundu hilo la pili ni nadra kukaa sawasawa.

Kabini fupi za inchi 14 au 15 ndizo zinazowatia watu tamaa, maana zile za kiwandani zina bei kubwa. Kwa walioko Marekani hapa pana hatari kuliko hasara: chini ya inchi 16, sheria ya 1934 inaidai bunduki isajiliwe, na umri wake hauiokoi maadamu risasi zake bado zinauzwa madukani. Zile halisi za kiwandani, ATF, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha, wamekubali kuziondoa kwenye masharti hayo. Iliyokatwa gereji haimo.

Angalia pia muhuri wa WP ndani ya duara la yai, alama ya kiwanda kwamba bunduki imejaribiwa. Winchester walianza kuugonga 1905. Fremu (mwili wa chuma unaoshika mtutu na mitambo) ya 1894 isiyo nao, yenye mtutu ulio nao, imebadilishwa mtutu. Kwa mbao za kifahari, ondoa kitako: namba iliyogongwa kwenye ulimi wa chini wa fremu, ukanda wa chuma unaoingia kwenye kitako, ilingane na ile ya ndani ya mbao. Zisipolingana, kitako kimehama kutoka bunduki nyingine.

Rangi mpya ya chuma huua bei kimyakimya. Msasa hulainisha kingo za fremu, huzamisha midomo ya matundu ya skrubu na kufifisha maandishi. Modeli ya 1886 ya kabla ya 1901 kwa kawaida ilitoka na fremu, nyundo na leva zenye mawimbi ya rangi ya chuma kilichokomazwa usoni. Ukikuta vyote ni buluu moja inayong'aa, yaelekea imepakwa upya. Heri kutu ya kahawia iliyotulia.

Matundu ya darubini juu ya fremu hayana msamaha. Kuyajaza kwa kulehemu huongeza doa la joto juu ya tundu. Weka skrubu za kuzibia, basi. Kilengeo cha zamani cha Lyman au Marble's, watengenezaji wa vilengeo, kilichofungwa kwenye tundu la kiwandani la ulimi wa juu ni kinyume chake, hicho huongeza thamani.

Modeli za 1892 nyingi zilibadilishwa kaliba kwenda .357 au .44 Magnum, risasi za shinikizo kubwa, miaka ya 1950. Mitambo yake inamudu, lakini kwa mkusanyaji ni bunduki ya kupigia tu. Fundi akikupendekezea hivyo kwa 1873, ondoka: viungo vyake havikuundwa kwa shinikizo hilo.

Misumari ya shaba ya njano kitakoni, mapambo ya Wenyeji wa Amerika, hughushiwa sana. Sumaku ikinasa kwenye kichwa cha msumari, yaelekea ni chuma kilichopakwa. Tafuta pia uchafu wa miaka kuzunguka kila kichwa, na mbao zilizolika sawa na msumari.

Na hadithi zisikupeleke mbio. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki 1909 na Modeli ya 1895 ya kaliba .405, hilo ni kweli, na tangu hapo kila .405 yenye mikwaruzo inasemekana ilipita Mombasa. Bila namba kwenye karatasi, lipia mikwaruzo.