Msome pamoja, lakini msiharakishe

Kikundi chetu cha usomaji kilichagua Ensaio sobre a Cegueira (yaani "Insha kuhusu Upofu"), riwaya ya José Saramago iliyotoka Ureno mwaka 1995. Mtu yuko kwenye gari akisubiri taa za barabarani, ghafla haoni kitu ila weupe mtupu. Upofu huo unaambukiza. Serikali inawafungia vipofu wa kwanza katika hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoachwa, askari wanalinda nje, na humo ndani utu unaanza kumomonyoka.

Mkichagua kitabu cha aina hii, anayekifahamu aseme mapema kilichomo. Humo hospitalini, genge la vipofu linaloteka chakula linadai kwanza vitu vya thamani, kisha linadai wanawake. Kumwonya msomaji kuhusu ubakaji hakupunguzi utamu wa hadithi, na hujui mwenzako amebeba nini moyoni. Mmoja wetu aliomba kuziruka kurasa hizo. Aliziruka, akaja kikaoni, akachangia vizuri sana.

Msigawe usomaji kwa hesabu ya kurasa. Kumwacha mtu wiki nzima pale genge linapotamba ni kumwonea. Someni mpaka mke wa daktari, mmoja wa waliofungiwa humo, anaposhika mkasi, ndipo mpumzike.

Wahusika hawana majina, na mazungumzo yao hayana alama za kunukuu. Msemaji mmoja hutenganishwa na mwingine kwa mkato na herufi kubwa tu. Ukisoma kimya unapotea. Tulisoma kwa sauti tukipokezana, na aliyekuwa amekata tamaa na kitabu ndiye aliyeomba zamu nyingine.

Kuhusu mjadala, mimi siulizi tena "wewe ungefanya nini?" Swali hilo huzaa mashujaa wa mdomoni. Ulizeni mgao wa chakula uliharibika lini. Tulirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa na kuona kwamba ugomvi wa chakula ulianza kabla bunduki ya genge haijaonekana. Hapo watu walizungumza kwa uzito, wakataja foleni na misaada waliyowahi kuiona ikigombaniwa.

Kilichotugawa ni mke wa daktari. Yeye peke yake anaona, na anaficha. Wengine walimlaumu kwa kuchelewa kuchukua hatua. Mimi namtetea, kwa kuwa angejulikana angegeuzwa mtumwa wa wote. Hatukupiga kura, nanyi msipige. Kila mtu abaki na hoja yake.