Pumba ndizo zilizotuamsha: kwa mkuu anayeachiwa mashine na shamba

Mkuu mleta uzi, umesema mzee anakuachia mashine ya kukoboa na ya kusaga pamoja na ekari 10 za mahindi, unataka kazi ya familia idumu bila kuiua ardhi, na tayari umeanza kuulizia bei ya sola. Nakujibu kwa yaliyotukuta sisi huku upande wa Peramiho, Songea. Sola iweke pembeni kwanza. Niambie: pumba zenu zinakwenda wapi, na hela yake anapokea nani?

Kwetu pumba hazikuwa na mwenyewe kwa miaka zaidi ya 20. Mzee alinunua injini ya Lister mwaka 1994, na tangu hapo aliyekuwa zamu mashineni ndiye aliyeuza pumba. Ile hela iliitwa "ya soda". Kaka yangu alikunywa soda nyingi sana. Tulikuja kugombana hadi shangazi akaitwa kutusuluhisha, na hukumu yake ilikuwa fupi: nunueni mizani na daftari, kila kinachoingia na kinachotoka kiandikwe, hata pumba, hata magunzi.

Mwezi haukuisha tukaanza kuoneana aibu. Gunia la kilo 100 likikobolewa kwetu linatoa sembe kilo 72 hadi 75, pumba kilo 20 na ushee, zinazobaki ni chenga na vumbi. Yaani karibu robo ya jasho la shambani ilikuwa inaondoka kwa jina la soda. Na huku tulikuwa tunanunua samadi kwa jirani ambaye ng'ombe wake wanakula pumba zetu! Tulinunua ng'ombe wawili, baadaye kuku, na samadi sasa inarudi shambani kwetu. Mbolea ya dukani bado tunaweka, nisikudanganye, ila mifuko imepungua.

Hapo kwenye mifugo ndipo tulipojifunza jambo ambalo wasagaji wengi hawalitaji. Msimu mmoja mvua zilichelewa kukata, tukavuna mahindi mabichi na kuyajaza stoo kwa haraka. Sembe ilitoka nyeupe, wateja wakasifu. Baada ya wiki chache kuku waliacha kutaga, wengine wakafa, na mtaalamu wa mifugo alipokuja aliomba kwanza kuona pumba. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, kwa hiyo ukikoboa, sembe inapungua sumu na pumba zinaibeba. Ng'ombe wa maziwa akizila, sehemu ya sumu hiyo inapita kwenye maziwa, na maziwa yenyewe wanakunywa watoto wako. Wala sio hadithi ya kutishana: mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo. Kwa anayesaga dona hali ni nzito zaidi, maana hakuna kinachotolewa.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa biashara endelevu ya unga inaanzia wapi, nasema kwenye turubai. Hatuaniki tena chini kwenye udongo. Hatupigi mahindi kwa fimbo ndani ya gunia, kwa sababu punje ikipasuka umewafungulia mlango ukungu na dumuzi (mdudu anayetoboa punje, huku wengi wanamwita Scania, na anakula kweli kama lori). Tunakodi mashine ya kupukuchulia. Kiwango cha unyevu kinachotakiwa kwa mahindi ya kuhifadhi hakizidi asilimia 13.5, na kama huna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje kiasi na chumvi kavu, tikisa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ikishuka chini bila kuganda, ujue uko chini ya asilimia 15 hivi, ongeza siku moja au mbili za jua. Wakulima wanaotuletea mahindi walinuna mwanzoni niliporudisha magunia yao. Nikawaambia nitawanunulia kwa kilo kwenye mizani, hakuna lumbesa, yaani gunia la kujaziwa kupita kipimo. Walipopiga hesabu ya kilo walizokuwa wakizipoteza kwenye lumbesa, kunung'unika kukaisha, na sasa wengine wananunua turubai zao wenyewe.

Kuhifadhi tunatumia mifuko ile ya tabaka tatu, miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Ikifungwa vizuri hewa inaisha na wadudu wanakufa bila dawa. Bei yake inauma ukilinganisha na kiroba cha kawaida, lakini tunaitumia misimu miwili hadi mitatu kama panya hawajaitoboa. Paka pia ni mtumishi wa kampuni, hesabu dagaa zake.

Shambani nitakuwa mfupi, maana ardhi yako siijui. Sisi kila mwaka kipande kimoja tunakipumzisha kwa marejea, mmea unaopandwa ili uwe mbolea ya udongo. Watu wa Songea wanaijua, wamisionari wa Peramiho waliihimiza sana miaka ya 1980. Inaota nene, inafunika magugu, unailaza na kuifukia kabla haijakomaa, msimu unaofuata mahindi yanaonesha tofauti hata kwa rangi ya majani. Hasara yake ni kwamba kipande hicho hakikupi chakula mwaka ule, kwa hiyo usianze na shamba zima. Kwenye mteremko mama yetu, ambaye ni Mmatengo wa Mbinga, alikataa matuta akatuchimbisha ngolo: nyasi zinafyekwa mvua zikikaribia kuisha, zinalazwa kwa miraba, udongo unachimbwa katikati na kuzifunika, maharage yanapandwa juu, na mahindi yanafuata msimu mwingine. Mashimo yanashika maji na udongo haukimbii. Ni kazi ya mgongo, vijana wetu hawaipendi kabisa.

Sasa umeme. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa laini ya kutoka Makambako, na sisi tulifunga mota mwaka uliofuata. Niliwahi kupigiwa hesabu ya sola ya kuendesha mota ya HP 20, ikazidi bei ya mashine zetu zote mbili. Labda kwako itakuwa tofauti. Lakini kabla ya hapo, andika uniti za umeme wa LUKU kwa kila gunia. Zikianza kupanda wakati mahindi ni yaleyale, fungua mashine uangalie nyundo: zikilika kona zinageuzwa upande wa pili kabla ya kununua mpya. Angalia chekeche, angalia mkanda kama umelegea. Na usiwashe mota kwa ajili ya sado moja, kile kindoo kidogo cha kupimia. Sisi wateja wanaoleta mahindi kusagiwa tunawapa saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Walilalamika wiki mbili wakazoea.

Kitu kingine, lipaneni mishahara. Hata mke, hata mdogo wako anayesoma akija likizo. Hela ya pumba sasa inaingia kwenye daftari na inalipa dawa za mifugo na ada. Kaka anapokea mshahara wake na soda ananunua mwenyewe.

Ulimalizia kwa kuuliza kama uuze injini ya zamani ya dizeli. Sisi hatukuuza. Kwa mwaka inafanya kazi siku chache tu, na haili dizeli ikiwa imelala. Umeme ukikatika mzee wetu hamtumi mtu. Anavaa kofia, anachukua mpini, na kabla hujamaliza kufunga mkanda umeshaisikia inakohoa uani.