Fatima, Fatma, Fatuma: jina moja au matatu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tumejaliwa mtoto wa kike na tunataka awe somo wa bibi yake mzaa baba. Shida ni kwamba hati ya shamba ya bibi imeandikwa Fatuma, kitambulisho chake kinasema Fatma, na shekhe wetu anashikilia kuwa jina ni Fatima, hayo mengine yameharibika. Je, ni kweli? Jina hili limetoka wapi, na ni kina nani waliovuma nalo?
Mama wa mtoto, Tanga

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa kujifungua salama.

Jina ni moja. Shekhe yuko sahihi kuhusu Kiarabu cha maandishi, ila Fatuma halikuharibika. Katika Fatima kuna irabu fupi kati ya t na m, ambayo Waarabu wengi huimeza wakizungumza, likabaki Fatma. Waturuki nao husema hivyo. Sasa Kiswahili hakipendi t na m zigongane, kwa hiyo kinachomeka irabu. Mbona u, isiwe i? Ni kwa sababu ya m, ambayo hutamkwa kwa midomo, na karibu na sauti za midomo Kiswahili huelekea u. Kitab ikawa kitabu, hisab ikawa hesabu, salam ikawa salamu. Lakini bint ikawa binti na waqt ikawa wakati, kwa kuwa t haitamkwi kwa midomo. Khidma, yenye m, imetupa huduma kwa njia ileile ya Fatuma. Wasomali nao wana Faadumo. Ningekuwa mimi, ningemwandika mtoto Fatuma bila wasiwasi wowote.

Mzizi wake ni f-t-m, kumwachisha mtoto ziwa. Ni jina la kale kuliko Uislamu: bibi yake Mtume mzaa baba, mke wa Abd al-Muttalib, aliitwa Fatima bint Amr. Aliyelieneza duniani, bila shaka, ni binti wa Mtume, mke wa Ali, aliyefariki mwaka 632, miezi michache tu baada ya baba yake. Hata lakabu zake tunawapa watoto wetu: Zahra, na Batuli. Watawala wa Kifatimiya, walioanza kutawala Afrika Kaskazini mwaka 909 na kuanzisha mji wa Kairo mwaka 969, walijinasibisha naye. Ukikutana na Mreno Mkatoliki aitwaye Maria de Fátima usishangae: Fátima ni mahali nchini Ureno ambako mwaka 1917 watoto watatu wachungaji walisema wametokewa na Bikira Maria.

Huku kwetu pwani wa kutajwa kwanza ni Malkia Fatuma wa Unguja, mwishoni mwa karne ya 17. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu, Mombasa, kuanzia 1696, yeye alisimama na Wareno na kuwapelekea chakula waliokuwa ndani. Ngome ilianguka Desemba 1698. Washindi wakamchukua hadi Muscat, akakaa uhamishoni takriban miaka kumi kabla ya kuruhusiwa kurudi kisiwani kwake. Wapo wanaomwona msaliti. Nionavyo mimi alikuwa mtawala wa kisiwa kidogo kati ya mataifa mawili yenye mizinga, akachagua upande ulioshindwa.

Kisha yupo Bi Kidude, gwiji wa taarabu na unyago aliyefariki Aprili 2013. Wengi hawajui kwamba hilo lilikuwa jina la utani. Jina lake lilikuwa Fatuma binti Baraka. Na Fatuma Roba wa Ethiopia, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio za marathoni za Olimpiki, Atlanta 1996. Baadaye akashinda Boston mara tatu mfululizo, 1997 hadi 1999.

Kwa mtoto, chagueni tahajia moja kabla ya kumwandikisha, na iwe hiyohiyo kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na shuleni. Kwa bibi, isimu haitamsaidia ofisi ya ardhi. Aende kwa wakili aape kiapo kwamba Fatuma wa kwenye hati na Fatma wa kwenye kitambulisho ni mtu mmoja, na afanye hivyo akiwa hai na mzima, kabla shamba halijawa la kugombewa na warithi.