Fundi Kamera Anajibu: "Nyota zimejaa, picha nyeusi tii!"

SWALI: Shikamoo fundi. Mi napiga picha za harusi na vipaimara hapa Singida, nina Canon 2000D na lenzi iliyokuja nayo, ile 18-55, na 50mm ya f/1.8 nimenunua mwaka jana. Juzi nilienda kijijini kwa bibi, umeme haujafika mtaa wao, nyota zimejaa mpaka unaogopa, nikasema leo napiga anga niwarushie watu status. Nimeweka auto, lenzi inavuta mbele inarudi nyuma vvv vvv afu inagoma kufyatua. Nikabahatisha ikafyatua na flashi juu, nyeusi tii, kinachoonekana ni mdudu mmoja kapita mbele. Kamera ndo ndogo au mi ndo sijui?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kamera inatosha kabisa na huo mdudu usimfute, ndo picha yako ya kwanza ya usiku.

Tatizo ni kwamba harusini umezoea kamera ikufanyie kazi. Inatafuta fokasi yenyewe, inapima mwanga yenyewe, ikiona giza inawasha flashi. Nyota zinataka vyote hivyo uvizime. Flashi inafika mita chache basi, na nyota iliyo karibu kuliko zote ukiacha jua, nuru yake inasafiri miaka minne na ushee mpaka itufikie, sa hiyo flashi unamulika nani.

Kwa hiyo geuza kitufe cha juu kiwe M, yaani unapanga kila kitu mwenyewe. Kamera iwe kwenye stendi, na stendi iwe nzito, tundika begi katikati yake. Pembeni ya lenzi kuna swichi mbili, ya AF/MF weka MF (fokasi ya mkono), na ile ya kutuliza mtikisiko izime, kwenye stendi huihitaji na inaweza kukuharibia.

Sasa fokasi, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo panapowaliza wengi kuliko ISO (kiasi kamera inavyokuza mwanga ulioingia) na vingine vyote. Mi mwenyewe usiku wangu wa kwanza nilipiga picha zaidi ya mia. Lenzi niliyokuwa nayo ilikuwa na ile alama ya nane iliyolala, yaani mbali kusikoisha, nikaiweka hapo hapo nikaamini imemaliza, kwenye kioo kidogo cha kamera nyota zikaonekana safi, nikarudi nyumbani na furaha zangu, kufungua kwenye kompyuta kila nyota ni kidonge cha panadol. Zote! Alama ile inakuweka karibu na penyewe, haikufikishi.

Ya kwako 18-55 hata alama haina, bora zaidi, hutadanganyika. Washa kioo cha nyuma uone moja kwa moja, tafuta nyota inayong'aa kuliko nyingine (Julai usiku ukitazama juu kusini kuna kundi la nyota la Nge, ana nyota nyekundu katikati inaitwa Antares, hiyo nzuri), iweke katikati, afu bonyeza kitufe cha kukuza mpaka isome 10x. Utaona doa kubwa limevimba. Zungusha ile ringi nyembamba ya mbele kabisa pole pole, doa litakuwa dogo, dogo, dogo, afu litaanza kuvimba tena, umepitiliza hapo, rudi nyuma kidogo. Nyota ikiwa nukta ndogo kuliko zote ulizoziona ndo penyewe, na utashangaa nyota nyingine hafifu zinaanza kutokeza pembeni ambazo hazikuwepo. Kata kipande cha ile tepu nyeusi ya mafundi umeme ubane ringi isicheze. Usiguse zumu tena, ukigusa unaanza upya.

Baada ya hapo namba. Zumu yote nje, yaani 18mm, apecha f/3.5. Namba ndogo ndo tundu kubwa, najua unajua lakini kuna wanaosoma hapa hawajui, na kwenye lenzi yako ukivuta mpaka 55 tundu linajibana lenyewe mpaka f/5.6, ndo maana nasema usivute. ISO anza na 3200. ISO hailetei kamera mwanga, ni kama redio inayoshika stesheni ya mbali, ukiongeza sauti unasikia mtangazaji na mkwaruzo wake.

Shata ndo ina hesabu kidogo, maana dunia inazunguka na ukiacha wazi muda mrefu nyota zinakuwa vijiti. Watu wa nyota wana kanuni ya 500: chukua 500, gawanya kwa urefu wa lenzi ukiuzidisha kwanza mara 1.6 kwa sababu sensa ya Canon yako, kile kibamba kinachopokea picha, ni ndogo (Nikon za aina hiyo ni 1.5). 18 mara 1.6 ni 28.8, 500 gawa kwa hiyo unapata kama sekunde 17. Weka 15. Ile 50mm yako itakupa sekunde 6 tu, ila f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara nne ya f/3.5 kwa hiyo usiidharau, inafaa kwa kipande kidogo cha anga kama Msalaba wa Kusini. Weka RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalipika), rangi utahangaika nayo nyumbani, na tumia taima ya sekunde 2 au 10 ili kidole chako kisitikise. Mwanga wa kioo upunguze, gizani picha yoyote inaonekana inang'aa, kesho yake unakuta ni kiza.

Kuhusu siku ya kwenda, kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha, kuanzia tarehe 27 hivi mpaka ya 3 ya mwezi unaofuata mwezi hauna kelele. Au baada ya mwezi mpevu subiri siku nne tano, kila siku unachelewa kuchomoza kama dakika 50 hivi kwa hiyo unapata masaa ya giza mwanzo wa usiku. Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, ile sehemu yake nono, huku kwetu katikati ya Julai inakuwa juu kabisa saa nne kuelekea saa tano usiku, na Agosti inawahi zaidi, na huko kwenu bahati nzuri ndo kiangazi mawingu hamna. Tochi ivalishe karatasi nyekundu ya pipi macho yasipoteze uzoefu wa giza.

Afu mwambie mwenyekiti wa kitongoji kabla. Mtu kasimama shambani saa sita usiku na kidude cha miguu mitatu, wenzio hawatafikiria sanaa.

SWALI: Habari fundi, niko Machakos. Settings za nyota nilishajua, shida kamera ikimaliza sekunde 20 inaganda, inaandika BUSY, siwezi kupiga nyingine mpaka nisubiri tena. Memori kadi ni feki?

JIBU: Mzima ndugu yangu. Kadi iache, haina kosa. Kuna kitu kwenye menyu kinaitwa Long exposure noise reduction, kikiwa on kamera ikimaliza picha yako inafunga shata na kupiga nyingine ya giza tupu ya muda ule ule, ili ijue chembe zipi ni uchafu wa sensa iziondoe. Ndo maana sekunde 20 zinakuwa 40. Izime. Muda uliookoa piga picha kumi za sehemu ile ile bila kugusa kitu, afu nyumbani ziunganishe kwenye programu ya Sequator, ni ya bure, ya Windows, inazipanga nyota zikae juu ya wenzake na ule mchanga wa ISO unapungua kama mara tatu. Nenda na betri mbili, shata ya muda mrefu na kioo kuwa wazi vinakula chaji.

SWALI: Fundi mi wa Pangani, natumia simu. Mwezi ukitoka baharini ni mzuri jamani, nikipiga unatoka kama taa ya bajaji. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, hapo simu inaona giza kubwa na kadoa kamoja, inaamua iangaze giza, mwezi unaungua. Ila mwezi wenyewe unapigwa na jua kama ukuta wa nyumba yako saa saba mchana, kwa hiyo unapigwa picha kama kitu cha mchana. Bonyeza kidole juu ya mwezi kwenye kioo, shikilia mpaka ijifunge, afu shusha ile alama ya jua mpaka uone madoa ya mwezi. Nait modi izime. Mwenye kamera aanze na ISO 100, f/8, shata 1/125, lakini asitegemee makubwa na lenzi fupi, kwa 55mm mwezi unachukua nusu milimita tu ya sensa yenye upana wa milimita 22.

Na usingoje mpevu. Mpevu unapigwa na jua usoni, hauna vivuli. Nenda siku ya saba ya nane ya mwezi wa Kiislamu ukiwa nusu, ule mstari wa mwanga na giza ndo mashimo yake yanaonekana. Ila huo nusu hautokei baharini, magharibi ikiingia utaukuta uko juu ya kichwa tayari. Kama unataka ule mwekundu unaochomoza majini na ngalawa mbele yake, huo ni wa tarehe 14 mpaka 15 ya kalenda hiyo hiyo, uwe ufukweni kabla jua halijazama, una dakika chache tu anga likiwa bado na mwanga wa kuonyesha ngalawa. Lenzi ya simu ifute kwanza na ncha ya kanga, chumvi ya hapo Pangani naijua.