Wizi wa kalamu: maswali yenu na majibu

Safari hii maswali mengi yanahusu makosa yanayofanyika mezani: kughushi, ubadhirifu, utapeli. Tumeyafupisha na kuacha majina.

Karani wa kituo cha karafuu aliniandikia kilo 48. Sasa nasikia kitabuni mwake kuna kilo 84 kwa jina langu. Nianzie wapi? (Chake Chake)

Anzia na stakabadhi uliyonayo mkononi. Kitabu cha stakabadhi kina asili unayopewa wewe na nakala ya kaboni inayobaki kituoni. Ujanja wenyewe ni wa zamani: karani anachomeka kipande cha karatasi ngumu chini ya asili wakati anakuandikia, kaboni isipokee kitu, halafu nakala anaijaza peke yake ukishaondoka. Wewe unalipwa za 48, kituo kinatoa fedha za 84. Tuseme kilo ni shilingi 14,000: hizo kilo 36 za katikati ni shilingi 504,000, kwa mkulima mmoja tu.

Mtaalamu wa maandishi akiilaza asili juu ya nakala mbele ya taa, herufi hazilaliani. Nakala ya kweli hufuata asili nukta kwa nukta, hata pale kalamu ilipoteleza. Ndiyo maana asili yako ni nusu ya kesi, na fotokopi haiwezi kushika nafasi yake: haina wino wala alama ya mgandamizo wa kalamu. Usiandike juu yake, usiitoboe, na usiitie plastiki ya moto ukidhani unaihifadhi.

Ipige picha pande zote mbili, kisha ipeleke Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi ya Zanzibar, ZAECA. Unapoikabidhi, omba hati ya makabidhiano yenye nambari ya stakabadhi, tarehe na saini za pande mbili. Kesi nyingi za nyaraka huvunjikia hapo. Karatasi inakaa wiki tatu kwenye droo, hakuna aliyeandika imetoka kwa nani kwenda kwa nani, na wakili wa utetezi anauliza swali moja tu: muda wote huo ilikuwa mikononi mwa nani? Na tafadhali, usiende kugombana na karani kwanza. Kitabu kitapotea kabla ya Ijumaa.

Mtumishi akirejesha fedha alizochukua, kesi si imekwisha? Wazee wameshasuluhisha. (Jang'ombe)

Haijaisha. Kosa lilitimia siku fedha zilipochukuliwa. Kufungua kesi ya jinai, kuiendesha au kuiondoa ni mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar ya 1984. Sheha hana uwezo huo, mkuu wa idara hana, na hata aliyeibiwa hana. Ile barua ya "narejesha fedha nilizozitumia" inaweza kusomwa mahkamani kama ungamo.

Kurejesha kunasaidia kwenye adhabu, hasa kukifanyika kabla wakaguzi hawajabisha hodi. Anayerudisha baada ya kukamatwa asitarajie sana. Wala asidhani kuwa akishakaa Chuo cha Mafunzo, yaani jela, amelimaliza deni. Mahkama inaweza kuamuru fidia, na Zanzibar ina sheria ya mwaka 2009 inayogusa mali iliyotokana na uhalifu. Nyumba iliyoandikwa jina la shemeji haijafichika: mpelelezi anauliza shemeji alipata wapi fedha za kuijenga.

Nilimpa mtu milioni sita aniagizie gari. Mwaka umepita. Polisi wananiambia ni madai, nikafungue kesi mwenyewe. Wamekula rushwa? (Fuoni)

Si lazima. Kushindwa kutimiza ahadi ni deni, na deni ni kesi ya madai. Ili iwe kujipatia fedha kwa udanganyifu, lazima ionekane kuwa alikudanganya juu ya jambo lililokuwepo siku ile ulipotoa fedha, na uongo huo ndio uliokufanya utoe. Kama alikuonesha hati ya meli ambayo baadaye umegundua ni ya kughushi, au aliwauzia watu watatu gari hilo hilo, hapo kuna jinai. Kama aliagiza kweli, bei zikampanda akakwama, huna jinai hata ukilia.

Rudi kituoni na karatasi ya muamala wa benki au simu, hati aliyokuonesha, na simu yenyewe yenye mazungumzo. Usipeleke picha za skrini ulizotumiwa na jirani. Wataje na wengine waliolizwa. Wakiwa watatu wanaosimulia uongo ule ule, lugha ya polisi hubadilika.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inataja mamilioni yasiyo na vielelezo. Mbona hatuwaoni wahusika mahkamani? (Wete)

Kwa sababu hoja ya ukaguzi si shtaka. Mkaguzi anasema: malipo haya hayana hati. Mwendesha mashtaka lazima aseme nani alichukua, lini, kwa njia gani, na kwamba alikusudia, tena bila kuacha shaka ya maana. Hati inaweza kukosekana kwa wizi, na inaweza kukosekana kwa sababu mvua iliingia stoo. Kwa hiyo wapelelezi wanaanza upya: vocha, taarifa za benki, nani alikuwa na nywila ya mfumo siku ile, sampuli za saini. Tukiri pia kwamba baadhi ya majalada hulala tu, na wanaonufaika na usingizi huo wanajulikana.

Mkuu wangu ananiambia nisaini vocha ya bidhaa za skuli ambazo sijaziona. Akisema "ni amri", nimesalimika? (Mkokotoni)

Hapana. Saini yako inasema umepokea. Andika dokezo fupi kwenye faili: bidhaa hazijafika, siwezi kuthibitisha. Tia tarehe na ubaki na nakala. Akitaka aendelee, asaini yeye.

TAKUKURU au ZAECA? (Kiembesamaki)

Kosa likitendeka hapa visiwani, ZAECA. Likitendeka Dar es Salaam, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa ya Tanzania Bara.