Usiitupe, injini bado nzima
Kaka, umesema mashine yako ya kukata nyasi ina miaka 15, injini inawaka vizuri ila haijiendeshi tena, unaisukuma kama mkokoteni. Mimi nisingenunua mpya. Mara nyingi kinachochoka ni beliti inayozungusha magurudumu au waya wa kuendeshea (ule unaotoka kwenye mpini), vitu vya bei ndogo ukilinganisha na mashine nzima.

Kwanza chomoa waya wa plagi ya injini. Tafadhali usiruke hapo, maana ukizungusha kisu kwa mkono injini inaweza kushtuka ikawaka. Ukiilaza, chujio la hewa liangalie juu, la sivyo oili itaingia humo na kwenye kabureta. Fungua kifuniko cha beliti. Ya kwangu ilikuwa inang'aa pembeni kama kioo, na nyufa ndogondogo upande wa ndani, ndiyo maana ilikuwa inateleza. Beliti ikiwa nzima, kaza ule waya wa kuendeshea. Bado? Toa magurudumu yanayoendesha utazame gia zake. Meno ya plastiki huliwa.

Ila kama bodi imetobolewa na kutu, au shafti inayozungusha kisu imepinda kwa kugonga jiwe, hapo mpe fundi achukue vipuri.