Maswali na majibu: Guido Calabresi, kutoka uamidi hadi ujaji

Je, Calabresi alikuwa amidi wa Shule ya Sheria ya Yale na jaji kwa wakati mmoja?

Hapana. Uamidi wake ulianza 1985 ukaisha 1994, mwaka ambao Rais Clinton alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani ya Marekani na Seneti ikamwidhinisha. Kufundisha hakuacha. Tatizo la kuwa amidi na jaji pamoja ni kwamba amidi wa Marekani hutembeza bakuli kwa wafadhili, na maadili ya majaji wa shirikisho humzuia jaji kuchangisha fedha za namna hiyo. Lakini zamani William Howard Taft, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alishika vyeo vyote viwili kule Cincinnati, 1896 hadi 1900. Baadaye, 1924, Taft huyohuyo aliongoza kamati iliyoandika kanuni za maadili ya majaji za chama cha mawakili cha nchi hiyo!

Ni kweli anafundisha kwamba anayelipa fidia si lazima awe mkosaji?

Ndiyo, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Hoja yake ya 1970 ni kupunguza jumla ya vitu viwili: gharama za ajali na gharama za kuzizuia. Kwa hiyo huulizwa, nani angeiepusha kwa bei nafuu zaidi? Chupa ya soda ikipasuka mkononi mwa mnunuzi, yeye hakuwa na njia ya kuujua ufa. Kiwanda kingeweza kuipima kabla ya kuijaza. Basi kiwanda kilipe, hata uzembe usipothibitishwa. Soda itapanda bei kidogo, na ndivyo inavyotakiwa: bei ibebe ajali zake. Mnunuzi akiifungua kwa meno, hesabu inageuka.

Usichanganye na “mwenye pesa alipe”. Kutawanya hasara isimwelemee mtu mmoja amekuweka daraja la pili la malengo, nyuma ya kupunguza gharama hizo mbili. Gharama za kuendesha mashauri, la tatu.

Ni Mmarekani wa kuzaliwa?

Alizaliwa Milano, Italia, 1932. Wazazi wake walipinga ufashisti, wakahamia Marekani 1939.

Mbona aliendelea kusikiliza kesi baada ya kuachia kiti 2009?

Hakustaafu, alichukua hadhi ya jaji mwandamizi. Ili kuipata hadhi hiyo, umri na miaka ya utumishi vijumlishwe vifike 80: miaka 65 na utumishi wa 15, hadi 70 na 10. Mshahara hubaki, kesi hupungua, na rais hupata nafasi ya kuteua jaji mwingine.